Marehemu Anadai Taji la Ng'ombe Wake

Malisho ya Juu, Hochlach
Alhamisi, 16 Septemba 1971

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sherehe ya Kushusha Ng'ombe,
Kijiji cha Unterlach.

Shemeji yangu mheshimiwa Rochus,

YAH: KUKANUSHA KIFO CHANGU

Ninakusalimu wewe, dada yangu Walburga, na wajumbe wote saba wa kamati. Mimi ni mzima. Naomba sentensi hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu kabla hamjaendelea, maana najua tabia yenu ya kusoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu, kisha mnakwenda kula.

Barua hii itashuka leo saa nane mchana kwa kamba ya mizigo, ndani ya kapu, juu ya jibini nane. Njia nyingine ya karibu hakuna, kwa kuwa mvua ya katikati ya Agosti ilibeba daraja na tangu hapo hajapanda mtu. Mafundi wameahidi kulimaliza kabla ya Jumamosi ya tarehe 25, siku ya sherehe yetu, ambapo kila nyumba inashusha ng'ombe wake kutoka mlimani wakiwa na kengele shingoni na maua kichwani. Kila nyumba, isipokuwa ile iliyofiwa. Na nyumba iliyofiwa mwaka huu, kwa mujibu wa mabango yenu, ni yangu, na marehemu ni mimi.

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Jumamosi ya tarehe 21 Agosti nilifua. Kamba ya kuanikia ilikuwa imejaa vitambaa vya kukamulia jibini, kwa hiyo sketi yangu nyeusi ya kanisani nikaitundika kwenye mlingoti ulio mbele ya kibanda. Najua, Rochus. Kitambaa cheupe kwenye mlingoti maana yake aitwe daktari wa mifugo, chekundu ni moto, cheusi ni msiba. Hayo nimeyajua tangu sijaota meno, na sina utetezi isipokuwa kwamba palikuwa na upepo mzuri. Lakini ile sketi ina mifuko miwili na mkanda. Ilikaa pale saa mbili. Ndani ya saa hizo mbili jirani yetu Korbinian Platzgummer, ambaye shamba lake linatazamana na mteremko wangu, aliiona kwa darubini, akakimbia kanisani na ile nyonga yake mbovu, na kengele ya msiba ikapigwa kabla sketi haijakauka. Niliisikia kutoka huku juu. Nikamwombea marehemu, sikujua ni nani.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hakuna aliyeuliza. Wote mnajua kwamba huku juu niko peke yangu na ng'ombe kumi na wanne. Basi, kama mimi ndiye niliyekufa, kitambaa cheusi kilitundikwa na nani? Nilipopata nakala ya muhtasari wa kikao chenu nikaona kwamba angalau swali hilo lilijitokeza, na jibu limeandikwa kwa mwandiko wa katibu: "Kamati imeona kwamba marehemu, kwa jinsi alivyofahamika, alikitundika mwenyewe kabla ya kufa, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kukitundika sawasawa." Kikao kizima kikaafiki. Siwezi kusema ni uongo kwamba ningefanya hivyo, lakini sikufanya.

2. Jibini. Kila Alhamisi tangu nife nimeteremsha jibini nane. Tarehe 26 Agosti, nane. Tarehe 2 Septemba, nane. Tarehe 9, nane tena, na siagi. Zote zimepokelewa na kutiwa saini na katibu huyohuyo. Hivi mlidhani nani anakamua? Jibini la tarehe 26, nasikia kwenye risala yenu, mlilila kwenye chakula cha msiba baada ya misa yangu, na mmeandika kwamba lilikuwa na ladha ya kipekee. Nashukuru. Lakini mtu akila jibini la juzi la mkono wa mtu aliyekufa wiki iliyopita, inampasa kutafuna polepole na kufikiri kidogo.

3. Barua ya rambirambi. Ilipanda kwa kapu tarehe 2, pamoja na muhtasari, risala na bango, ikiwa imeandikwa juu yake "Kwa Yeyote Aliyeko Juu". Nikaifungua, kwa kuwa hakuna mwingine. Humo mmeagiza kwamba ng'ombe wangu washuke bila maua wala kengele, saa tisa alasiri, baada ya watalii kuondoka, kwa uchochoro wa nyuma ya machinjio. Na marehemu, nanukuu, "ashushwe pamoja na jibini, kwa kikokoteni cha jibini, akiwa amefunikwa vizuri." Kikokoteni hicho, shemeji, kina urefu wa mita moja na robo. Mimi mnanijua urefu wangu. Mlipanga kunikunja? Wapi hasa? Nimekaa nikakipima na nikajipima, na nawaambieni haiwezekani bila kunivunja.

4. Majibu ya ofisi. Siku ileile niliteremsha kikaratasi cha kusema mimi ni mzima, jamani, msihangaike. Kikaratasi cha kirafiki kabisa. Jibu lilipanda Alhamisi iliyofuata: taarifa ya mimi kuwa hai imepokelewa na itajadiliwa katika kikao cha Novemba, kwani mabango yamekwisha kuchapwa na mpangilio wa maandamano umekwisha kupitishwa. Hadi hapo hali yangu inabaki kama ilivyotangazwa. Na katibu akaongeza, kwa kalamu nyingine, kwamba ananipa pole. Nimejiuliza ananipa pole ya nini, ya kufa au ya kufufuka nje ya utaratibu. Kwa hiyo nina hakika kwamba kikaratasi changu kimelala kwenye jalada lake na kijiji kizima bado kinavaa nyeusi kwa ajili yangu.

5. Mirathi. Dada yangu Walburga ameichukua cherehani yangu "kwa ukumbusho". Wewe mwenyewe umejaza nyasi zako kwenye ghala langu mpaka kwenye paa. Naliona kutoka huku. Sina kinyongo. Naomba tu cherehani irudi ikiwa na sindano zake zote, kwani Walburga tangu utoto wetu ni mtu wa kuvunja sindano na kusema aliikuta hivyo.

6. Hili ndilo lenyewe, na ningeomba hapa mwache kula.

Nimekuwa nikipanda na mifugo miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo yote sijawahi kushuka na ua hata moja. Mnajua kanuni: akifa mnyama wa kundi au mtu wa nyumba wakati wa malisho, ng'ombe hushuka vichwa wazi. Mwaka 1953 radi iliua mitamba wawili. Mwaka 1954 ndama alitumbukia bondeni. Mwaka 1957 kundi lote lilikuwa zima, taji nimelishona, kesho yake ndiyo tunashuka, na mama mkwe wangu akakata roho usiku huo, na Mungu anisamehe, bado naamini alingoja makusudi. Mwaka 1960 aliondoka duniani mume wangu, na mwaka huo sikutaka maua. Kisha ugonjwa wa kwato, kisha jiwe lililoporomoka, kisha yule fahali mpumbavu aliyekula majani ya sumu huku ananitazama. Kila mwaka nimepita katikati ya kijiji na kundi lililo vichwa wazi, kengele zimezibwa kwa nyasi, na watu wanavua kofia na kuinamisha macho. Watoto wa shule wananiita Mama Msiba. Wanadhani sisikii.

Mwaka huu hakufa kitu. Hata kuku. Nilianza kuhesabu mwezi Juni, kila asubuhi kumi na wanne, kila jioni kumi na wanne. Tangu Julai nimekuwa nikishona taji la Falka, ng'ombe wangu wa mbele: matawi ya msonobari, maua ya karatasi mia mbili na kumi, kioo katikati cha kufukuza jicho baya, na utepe mwekundu niliokata kutoka nguo yangu ya uchumba. Falka ametoa maziwa kuliko ng'ombe yeyote wa mteremko huu. Nikimjaribishia taji ananyoosha shingo na kusimama kimya kama bibi harusi anayepimwa gauni, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, natokwa na machozi kwenye ndoo ya maziwa.

Nataka maua, Rochus. Nimepata mwaka mmoja katika kumi na tisa, na nyinyi mmeniua kwa sababu ya sketi.

7. Korbinian Platzgummer. Mabango yanasema kwamba, "kufuatia msiba wa Hochlach", nafasi ya mbele katika maandamano amepewa yeye na ng'ombe wake Gräfin. Sawa. Sitasema neno baya juu ya jirani. Nitasema tu kwamba Gräfin anatembea kama mtu aliyetoka kilabuni akijaribu kumficha mkewe, na kwamba mwenye Gräfin ndiye mwenye darubini, na kwamba yeyote mwenye akili atajiuliza ni nani aliyefaidika na kifo changu. Nimekuwa nikijua kwa miaka mingi kwamba kila asubuhi huelekeza darubini ile kwenye kibanda changu. Nilidhani anapima nyasi zangu kama ni ndefu kuliko zake. Sasa naona alikuwa anangoja tu. Mwanamume wa miaka sitini na tatu, mjane, hana la kufanya ila kumchungulia jirani mpaka afe.

8. Utaratibu lazima uwe mmoja kwa wote. Mimi pia nina darubini. Jumatatu iliyopita, saa tatu asubuhi, niliona wazi kabisa suruali nyeusi imeanikwa mbele ya nyumba yako, shemeji, na ilikaa hapo mpaka jioni. Kwa kufuata hoja za kamati yako nimelazimika kufikia uamuzi uleule. Nimehuzunika sana. Ulikuwa mtu mchangamfu, ingawa uliazima vitu. Nampa pole dada yangu, na natarajia kwamba ng'ombe wako nao watashuka saa tisa alasiri kwa uchochoro wa machinjio, wewe ukiwa kwenye kikokoteni. Kwa kuwa wewe ni mfupi, utaenea.

Aidha, nimechunguza mteremko mzima na nimeona nguo nyeusi kwenye nyumba tano, mojawapo ikiwa ya padri, ambaye kumbe amekufa kila Jumanne kwa miaka mingi. Hivyo hakuna kundi lenye haki ya kupambwa mwaka huu isipokuwa la mjane mmoja anayefua mashuka meupe tu, na yeye hana ng'ombe, ana mbuzi watatu. Kamati iandae maandamano ya mbuzi watatu na kuwaeleza watalii.

Kutokana na hayo, ninadai mambo matatu. La kwanza, nitangazwe kuwa hai, kanisani, kwa sauti, Jumapili hii, na kengele ipigwe kwa muda uleule iliopigwa nilipokufa. La pili, Falka atangulie maandamano saa nne asubuhi, njia kuu, na taji lake, na Gräfin afuate nyuma kwa umbali ambao hawezi kumwangukia mtu. La tatu, kama kamati itaona ni vigumu kunifufua kabla ya Novemba, basi niachwe mfu kikamilifu na nipewe haki zote za wafu: sitakaanga maandazi mia nne ya sherehe kama kila mwaka, sitafua vitambaa vya meza vya kamati, na sitateremsha jibini. Kapu la Alhamisi ijayo litashuka tupu, na humo ndani nitaweka sketi.

Kama mna njia ya nne, mniandikie. Nipo.

Msalimie Walburga na watoto, mabibi wa kwaya ambao nasikia waliimba vizuri kwenye misa yangu, mpiga kengele na mkono wake uliochoka kwa ajili yangu, mzee wa posta, na katibu, ambaye namtakia afya njema na macho makali zaidi. Ng'ombe wote kumi na wanne hawajambo. Mimi nami sijambo, kama ilivyoelezwa.

Nakala kwa padri, ili ajue alimwombea nani.

Wenu ninayepumua,
Kreszenz Haidacher

N.B.

Nilikwisha kuifunga bahasha. Naifungua tena, samahani kwa madoa ya supu.

Saa sita mchana mlango ulifunguliwa na akaingia Korbinian. Ametoka kijijini jana alfajiri, amezunguka kwa njia ya kileleni, na nyonga ile, akalala kwenye kikanisa cha juu. Mgongoni alikuwa na kamba, mishumaa miwili na shuka jeupe la kitani la marehemu mama yake. Anasema alisikia habari ya kikokoteni, akaja mbele yenu nyumba ya wageni akasema Kreszenz hatashushwa akiwa amekunjwa, mkacheka, akaondoka. Hilo kwenye muhtasari halimo, Rochus.

Alinikuta mezani na bahasha mkononi, yenye yote niliyoandika juu ya ng'ombe wake. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale kizingitini na kofia yake magotini, akasema:

"Kreszenz, mimi nimelia karibu wiki nne. Sasa machozi yote yale nayapeleka wapi?"

Nikamwambia angekuja mapema angelia machache. Ni jibu baya na nililijua hivyo tangu halijanitoka. Basi akakasirika kweli, na nimemwacha akasirike, maana nimeona kwamba kati yetu wawili mwenye malalamiko ni yeye, na yake ni ya haki kuliko yangu yote manane. Barua sikuwahi kuificha. Ameisoma. Amesema Gräfin hatembei hivyo, ila mengine yanakubalika. Kuhusu darubini nimemuuliza, naye amejibu kwamba tangu siku ya sketi hakuweza kuigusa tena, na kwamba nyasi zangu hajawahi kuziangalia.

Sasa sikiliza, shemeji, maana hapa ndipo nafuta madai. Pale kikanisani juu Korbinian aliweka nadhiri: akifika salama, ng'ombe wake na wangu watashuka kundi moja, saa nne, njia kuu, bila ua hata moja, kama anavyoshushiwa mtu wa nyumbani. Ameiweka mbele ya mshumaa. Na nadhiri ya kileleni unajua haifutwi na mtu yeyote, hata kama aliyewekewa amekutwa anapumua.

Kwa hiyo tutashuka vichwa wazi, Falka na Gräfin mbele, na mwaka wa kumi na tisa nao umekwenda. Nimelia kidogo, sitakudanganya. Taji nimelitundika ukutani. Msinitangaze kuwa hai mpaka hiyo Jumamosi, ili nadhiri ya watu isije ikaonekana ya mzaha, na maandazi nitakaanga.

Nilimkumbusha lakini kwamba kanuni ni kanuni: ng'ombe wa mtu huachwa vichwa wazi kwa ajili ya mtu wa nyumba yake tu, na mimi si mtu wa nyumba yake. Akaendelea kukoroga supu. Kisha, bila kuinua macho, akasema kwamba hilo padri anaweza kulirekebisha.

Nimemwongezea supu. Kapu linaondoka.

K.H.